Ukifungwa, Pisha

Armelle aliporudi Mwandiga kutoka kambini, alikokuwa akimuuguza bibi yake kwa miezi mitano, aliikuta CD yake ya gemu, aliyoiacha bandani, imeshapitishwa uzi wa nailoni kwenye tundu la katikati.

"Inakwenda shambani kwangu Simbo," alisema Oswald, mwenye banda la gemu. "Iking'aa juani, ndege hawagusi mtama wangu. Hapa haina kazi."

"Nani kasema?"

"Banda zima. Gemu haishindiki, dada. Mbovu."

CD ile ilikuwa yake na kaka yake, Nyabenda. Waliizoea kuicheza Burundi, wakaivusha mwaka 1996 bila mashine ya kuichezea, na upande huu Playstation ya Oswald ndiyo pekee aliyoijua. Ikienda Simbo, imekwisha. Damu ilimchemka, ila sauti aliishusha.

"Mmefika wapi?"

"Lango la mji," alijibu Feliksi, bingwa wa gemu ya mpira hapo bandani. "Lile jitu la chuma linaniua. Mara kumi na moja! Gemu ya wakimbizi, ati shujaa anapigwa dakika ya kumi."

Wenzake wakacheka. Armelle hakucheka.

"Likikuua, unafanya nini?"

"Nafanyaje? Naresetisha ianze upya, nampa Martini hapa pedi ya kuchezea. Ukifungwa, pisha."

Hapo akaelewa. Sheria ya banda ilikuwa moja: aliyefungwa husimama papo hapo na pedi huenda kwa anayefuata. Kwa mpira, ni haki tupu. Kwa miezi mitano walikuwa wameitumia kuhukumu kitu ambacho si mpira, na hakuna hata mmoja aliyekaa sekunde kumi baada ya kupigwa.

"Kaka Oswald, chomoa uzi, washa. Feliksi, cheza ufe."

"Nife makusudi?"

"Hata usipokusudia utakufa. Ila pedi usiiachie."

Feliksi alicheza kwa hasira, akitaka kumwaibisha. Jitu la chuma likamwangusha. Skrini ikawa nyeusi. Kidole chake kikaanza safari ya kwenda kwenye kitufe cha kuresetisha. Armelle akamkamata kifundo cha mkono.

"Umefungwa, kaka, pisha!" Martini alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Kaa chini!" Armelle alifoka, na kelele yake ikamshtua hata Oswald.

Giza likadumu. Kisha sauti ya makasia. Ziwa likatokea, na shujaa amelala ndani ya mtumbwi. Maandishi ya Kifaransa yakaanza kupita.

"Anasemaje?" aliuliza Feliksi.

"Kwamba mji umekwisha, naye hajaisha. Gemu inaanza hapa. Yote mliyocheza ni utangulizi."

"Kwa hiyo alitakiwa kupigwa?"

"Alitakiwa. Na nyinyi mkaiita mbovu kabla haijaanza."

Feliksi alikuwa ameshamtembeza shujaa hadi kijijini, akaongea na muuza samaki, akaongea na mke wa muuza samaki, akaguna.

"Hawa watu wanaongea mno! Na anatembea kama ana malaria."

"Nipe zamu," alisema Martini. "Umefungwa."

"Nani kafungwa?"

Oswald alijikuna kidevu. Akauvua shingoni ule uzi aliouchomoa kwenye CD, akautia mfukoni. "Basi ibaki. Ila Feliksi kasema kweli, inachosha. Maneno mengi."

"Ni kweli," alisema Armelle. "Ina maneno mengi na mwendo wa pole. Hilo ndilo kosa lake. Ihukumuni kwa hilo."