Machozi ya Vukajlo

Jumapili ya kuombana msamaha, kabla ya mfungo mkuu, kijiji kizima kilibaki kwenye uwanja wa kanisa kumsikiliza mwalimu wa shule akisoma. Hadithi yake ilikuwa imetoka gazetini huko mjini Belgradi, hadithi ya wakulima kama wao.

Stamena alisikia mistari miwili tu, akaitambua. Msichana aliyetoroka na mchunga mbuzi, baba aliyekataza jina lake lisitajwe mezani: hayo yeye mwenyewe alimsimulia mwalimu akimfulia mashati. Mwalimu kabadilisha majina, na mwisho. Baba wa gazetini alifungua mlango, akampakata mjukuu, akalia.

Na Vukajlo, mumewe Stamena, naye akalia! Machozi yakamchuruzika hadi kwenye masharubu.

"Umekata vitunguu, Vukajlo?" jirani Radoje akamtania.

"Hebu nyamaza. Mzee yule ana moyo!"

Stamena alishika pindo la aproni. Binti yao Perunika alikuwa kwa Radoje tangu asubuhi, mtoto kifuani; alikuwa ameingojea siku hii ambayo mkubwa hamnyimi mtu msamaha.

Njiani Stamena akamtegea mumewe, kama walivyozoea tangu uchumba.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mzee wa gazetini ni nani?"

Vukajlo alifikiri hatua kadhaa. "Mtu wa mbali huko. Nimeshindwa."

"Nipe mji, basi."

"Chukua Belgradi yote!" Akacheka, akapita langoni. Hakungoja jibu.

Hawajakaa sana, mlango ukabishwa.

"Baba, ni mimi. Nisamehe."

Vukajlo aliinuka. Masharubu yake yalikuwa bado yana unyevu. Stamena alidhani anakwenda kufungua, kumbe Vukajlo anateremsha komeo.

"Mungu akusamehe," akasema.

Ndivyo kila mtu anavyojibiwa siku hiyo. Nani angesema amekataa?

"Baba, mtoto anasikia baridi."

"Nimeshakujibu."

"Vukajlo," Stamena alinong'ona, mkono kwenye komeo, "si umemlilia yule wa mwalimu?"

"Yule alikuwa binti mwema." Akauondoa mkono wa mkewe polepole, bila hasira, kama mtu anayemtoa kuku mezani.

Nje, hatua zilikwaruza theluji mpaka lango la Radoje.

"Lete mkate wa jibini, mke wangu. Unapoa."

Akauleta.