Shangazi Hakulia

"Na dereva wa lori ataigizwa na nani?" mwenyekiti wa kamati aliuliza.

Msusi akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. Filamu zake fupi zote alikuwa amezipigia saluni kwake, waigizaji wakiwa wateja wake. Leo alikuwa mbele ya watu watatu wanaotoa ruzuku kwa watengenezaji filamu wasio na kampuni nyuma yao, akiomba kupiga filamu yake ndefu ya kwanza: kisa cha mwanamke aliyeachwa na mume, akabaki na lori bovu, akalifufua na kuliendesha mwenyewe.

"Ni shangazi yangu. Kisa ni chake."

"Amekubali?"

Angeweza kudanganya, ila ulimi ulikataa. "Bado. Anasema kuigiza ni kazi ya waliokosa kazi."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti, mzee wa suti na mvi, akashusha pumzi. "Binti yangu, bila yeye sijui tutaweka nini kwenye skrini. Haya, tusomee tukio la kuachwa."

Akasoma. Mume anafunga mizigo. Mke anaegemea gurudumu, analia kwa kwikwi...

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Shangazi mtu, aliyekuja kumsindikiza tu na kuachwa kwenye benchi la nje, alikuwa kizingitini, mikono kiunoni.

"Nani kalia? Mimi?"

"Shangazi, tafadhali..."

"Tafadhali nini? Unanitoa machozi mchana kweupe!" Akamgeukia mwenyekiti. "Samahani, baba. Inuka. Wewe ndiye mume. Beba huo mkoba, nenda zako."

Mzee wa watu akajikuta amebeba mkoba wa msusi, anaelekea ukutani. Shangazi akamsindikiza kwa macho, kimya, muda mrefu. Kisha akapiga magoti, akachungulia chini ya meza kama anayetazama injini, akasema kwa upole:

"Ukipita kwa fundi, mwambie aniletee spana."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti alicheka akiwa ameukumbatia mkoba.

"Mama, utaigiza?" akauliza mjumbe mmoja, akifuta macho.

"Kuigiza sijui. Lakini nikimwachia huyu, ataniliza filamu nzima!"

Simu ya kukubaliwa ililia wiki iliyofuata, mteja akiwa na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Msusi akapiga kigelegele. Mteja akakipokea bila kujua cha nini, na alipoambiwa, akatoka mbio hivyo hivyo, mtaa mzima ukapata habari. Majirani wakajaa mlangoni. Shangazi akawafukuza wote, akidai hizo ni kelele za bure.

Jioni msusi alikuwa nje akianua taulo. Kupitia dirishani akamwona shangazi peke yake mbele ya kioo, akigeuza uso taratibu, kushoto, kisha kulia, kama anayetazamana na mgeni ambaye ameanza kumpenda. Msusi akasimama pale pale, taulo begani, asiingie kwanza.