Kaburi Alilolitunga Chadrack

Mimi sina subira na michezo mibaya. Watu wa Kasongo, mji wetu wa huku Kongo, wananijua: mchezo usio na kichwa wala miguu nausema pale pale, mwandishi akiwa amekaa mbele yangu na mama yake pembeni. Ndiyo maana vijana wananiogopa, na ndiyo maana wananiletea kazi zao. Kila kiangazi tunaazima ukumbi wa parokia. Mimi Safia, Mwislamu wa ukoo wa wauza vitambaa, mwalimu mstaafu, napanga viti pamoja na masista, na waandishi wapya wanaonyesha michezo yao mifupi alasiri nzima. Kila mchezo ukiisha, watazamaji wanasimama na kuusema, uzuri wake na ubovu wake. Kupiga makofi na kwenda zako nyumbani, kwetu hakuna.

Mwaka huu mchezo wa kwanza ulihusu ndoa, nao ulikuwa mrefu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Wa pili ulikuwa na malaika wawili waliosahau maneno yao. Wa tatu ulikuwa wa Chadrack.

Chadrack alikuwa mwanafunzi wangu, mtoto wa wakulima wa hapa karibu. Sasa alikuwa dereva wa pikipiki, akibeba abiria kati ya Kasongo na Kabambare, barabara ambayo mvua ikinyesha hata mbuzi anaikataa. Mchezo wake ulikuwa hivi. Vijana wawili wameamriwa na watu wenye bunduki wamchimbie mwenzao kaburi. Wenye bunduki hatuwaoni, tunasikia kikohozi chao tu nyuma ya pazia. Mwenzao amekaa pembeni, mikono imefungwa, na anaanza kuwakosoa.

“Muchimbe chini zaidi,” anawaambia. “Mvua ya hapa iko nguvu, itanifukua.”

Watu walicheka. Akaendelea kuwagombeza: jembe mnalishika vibaya, kichwa changu mkilaze upande wa kilima, si upande wa mto. Halafu, kabla pazia halijafungwa, akawaambia, “Mukifika kwetu, mumuambie mama niko nyuma ya daraja ya miti, chini ya michikichi mitatu. Asinitafute kwingine.” Hapo hakuna aliyecheka tena. Nilisikia mtu nyuma yangu akilia, nami nilikuwa nimeng’ata ncha ya mtandio wangu.

Nilisimama nikausifu. Nilisema sijapata kuona mchezo mfupi uliosimama imara namna ile, kwamba huyu hakuandika kama aliyesimuliwa bali kama aliyeshika jembe. Wazee waliongeza ya kwao. Redio ya mjini ilikuwa imerekodi yote, ikaurusha mchezo pamoja na sifa zetu. Wiki nzima Chadrack alitembea sokoni kama bwana harusi, na mimi nilimtania kwamba sasa atatudai tumwite Bwana Mwandishi.

Kisha akaja Mama Marcelline.

Alifika dukani kwetu akiwa na vumbi la safari hadi kwenye nyusi, mwanamke mwembamba wa makamo. Nyuma yake alisimama shemeji yake, Jean-Marie, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Nilimpa maji, akayashika bila kunywa.

“Nimetoka Kabambare,” alisema. “Natafuta ule mutoto aliyetengeneza teatre ya kaburi.”

“Unamtakia nini, mama?”

“Anajua mutoto wangu iko wapi.”

Mwanawe aliitwa Roger. Watu wenye bunduki walimchukua awabebee mizigo, kama walivyochukua wengi, na hakurudi. Hakuna aliyemwona akifa. Kwa hiyo matanga yake hayakuondolewa. Miaka yote hiyo Mama Marcelline hakuvaa kitambaa kipya, hakukanyaga arusi ya mtu, na jina la Roger halikupewa mjukuu yeyote, maana huwezi kumpa mtoto jina la mtu ambaye hujui kama amekufa. Alinieleza hayo yote taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nimezaa. Nilimhurumia kweli.

Nilimwita Chadrack. Alipiga magoti mbele yake.

“Mama, nisamehe. Ile yote nilitunga tu.”

“Na ile fasi? Daraja, na michikichi?”

“Daraja naijua. Pneu ya pikipiki ilipasukaka pale, nikakaa natengeneza. Nikaona iko kimya. Nikaweka kaburi pale, kwa akili yangu tu.”

“Nani alikuambia kichwa kiwe upande wa kilima?”

“Hakuna mutu. Nilifikiri.”

“Alifikiri,” alisema Jean-Marie akiutazama mlango.

Hapo niliingilia. Nilieleza kwamba kutunga ndiyo kazi ya mwandishi, kwamba akifanya vizuri utaona kama kweli, na hiyo ndiyo sifa yake. Nikamuuliza Mama Marcelline: mbona hadithi za Sungura mnazisikiliza na hamwendi kumtafuta Sungura msituni?

“Sungura haina mama Kabambare,” alinijibu.

Jean-Marie ndiye aliyemalizia, kwa sauti yake ile ndogo: “Kwetu, mutu akijua vile mutu alikufa, alikuwa pale. Ao aliona, ao alifanya.”

Mdomo huponza kichwa, na kumbe kalamu pia. Maneno yalitangulia hadi Kabambare kabla Mama Marcelline na shemeji yake hawajafika: dereva wa Kasongo alikuwa na wale watu, ametubu, ameungama kwenye redio. Vijana walianza kusimamisha pikipiki njiani wakiuliza jina. Wenzake wa kijiweni wakaacha kukaa naye. Abiria walimkimbia. Sifa zile zile tulizompa ukumbini watu walizirudia sasa wakimnyooshea kidole, na zangu zilikuwa za kwanza.

Ni Chadrack mwenyewe aliyepata wazo.

“Madame, twende tuchimbe. Wakikuta udongo mutupu, wataniacha.”

Niliona ni akili. Mama angejua kwamba mwanawe hayupo pale, kijana angepata jina lake na kazi yake, na mimi ningelala. Tulikubaliana na Jean-Marie, naye akaja na Mama Marcelline, wapwa wake wawili wenye majembe na polisi mmoja wa Kabambare. Mimi nilipanda nyuma ya pikipiki ya Chadrack. Njia nzima alikuwa mchangamfu, akinisimulia mchezo mwingine aliotaka kuuandika, wa mchungaji na mganga wanaogombea mgonjwa mmoja. Nilicheka mpaka nikamwambia aangalie mashimo.

Daraja lilikuwa pale, na michikichi mitatu ilikuwa pale. Chadrack alionyesha mahali bila kusita, akapiga mguu chini, akasema, “Hapa.” Nilitamani angesitasita kidogo.

Walichimba. Ulitoka udongo mwekundu na mizizi, kisha mizizi zaidi. Polisi aliwasha sigara. Chadrack alinitazama akatabasamu, na nilianza kufikiria njia ya kurudi. Ndipo mmoja wa wapwa aliposimama na jembe lake hewani, akasema, “Mujomba, kuja uone.”

Ulikuwa mfupa wa mguu wa mtu.

Chadrack alisema “hapana” mara nyingi, kisha akakaa chini. Sikuwa na shaka naye hata kidogo, wala leo sina. Kule watu wamekufa sana na kufukiwa ovyo. Mtu akitafuta mahali pakimya, pa kujificha, penye udongo laini, atachagua pale alipopachagua Chadrack. Alifikiri vizuri mno, basi. Lakini nani angenisikiliza nikisema hivyo, wakati polisi tayari amekwisha kuitupa sigara?

Mama Marcelline aliwaondoa wanaume kwenye shimo. Aliingia mwenyewe akaanza kufukua kwa vidole. Wanaume walirudi nyuma, kwa heshima au kwa woga. Mimi nilibaki ukingoni juu yake. Alipofika kwenye mifupa ya nyonga akapangusa, na sote wawili tukaziona: shanga za kiunoni, nyekundu na nyeupe. Uzi ulikuwa umeoza lakini mistari yake ilikuwa bado imepangika vile vile udongoni. Hakuna mwanamke asiyejua anayevaa zile ni nani. Yule hakuwa Roger. Alikuwa binti wa mtu.

Mama Marcelline aliinua uso akanitazama. Kisha akazizoa shanga pamoja na udongo wake, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

“Ni Roger,” alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

Kilio kikaanza. Nilipiga kelele kuliko wao. Nilisema si yeye, ni mwanamke, kuna shanga, mwambieni afungue pindo lake! Jean-Marie alinishika bega.

“Madame, ni weye ulimusifu mbele ya watu. Sasa nyamaza.”

Nani angemvua kitenge mama aliyefiwa, juu ya kaburi la mwanawe? Polisi alimuuliza mara moja tu kama ana hakika. Alijibu kwamba mama hashindwi kumjua mtoto wake. Walimfunga Chadrack mikono, wakampakia kwenye pikipiki yake mwenyewe, kati ya polisi na mpwa mmoja. Mwanzoni alimwita Mama Marcelline. Baadaye akaniita mimi, akaniita tena na tena mpaka walipokuwa wamevuka daraja.

Nilikwenda polisi Kabambare nikaeleza. Waliniuliza shanga ziko wapi. Niliwaambia, wakamwita Mama Marcelline, akaapa hakuona shanga yoyote. Mwanamke yule alizikwa kwa jina la Roger, kwa misa na nyimbo, na watu walijaa. Nilihudhuria. Nilikuwa nimejaa hasira hata chakula cha matanga sikukigusa, na kwetu hilo ni tusi. Nilingoja wageni wapungue nikamfuata nyuma ya jiko. Alikuwa amevaa kitambaa kipya, akiosha sahani.

“Unajua si yeye,” nilimwambia.

“Najua.” Hakuacha kuosha. “Na ule mutoto mwanamuke pia hakukuwa na mutu. Sasa iko na mama.”

“Na Chadrack? Watamfunga maisha, Mama Marcelline. Wanaweza kumuua mle ndani. Hana kosa, na unajua.”

Alikung’uta maji kwenye sahani akaiegemeza juu ya nyingine.

“Chadrack iko na mama yake,” alisema. “Atamulilia, ni kweli. Lakini yeye anajua mutoto wake iko wapi.”