Mguu Chini ya Pedali

Jumanne saa nne na nusu asubuhi fundi alikaza bolti ya mwisho ya giaboksi, akatoka chini ya gari, akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani na kukanyaga klachi. Pedali haikushuka. Akakanyaga tena, safari hii akijishikilia kwenye usukani, ikashuka kama inchi moja kisha ikamrudisha juu pamoja na goti lake. Akakaa akitazama ukuta wa gereji alikotundika mikanda ya feni. Klachi aliyoifunga ilikuwa mpya, ya boksi, na nailoni yake aliichana mwenyewe. Klachi mpya huwa nzito kidogo kuliko kuukuu, hilo kila fundi humwambia mteja ili asije akarudi kulalamika. Lakini hii haikuwa nzito kidogo.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni la rangi ya maziwa, na fundi alilijua kuliko alivyowajua baadhi ya ndugu zake. Kwa miaka kumi na mmoja lilikuwa likija kwake likinuka sabuni, kwa sababu lilibeba mashuka ya nyumba za wageni. Mke alifua na kupiga pasi, mume aliendesha na kupeleka. Mtaa mzima ulimwita yule mke Mama Mashuka. Mumewe alifariki mwaka uliopita, jioni moja, akiwa amekaa kitandani anavua viatu. Kiatu cha kushoto alikuwa ameshakivua, cha kulia bado.

Sasa gari lilikuwa mikononi mwa mdogo wake marehemu. Huyu alisimamia mabasi ya shule moja kubwa, na watu walimwita Meneja, naye alipenda. Kwa miezi minane aliliendesha akiwa ameulaza mguu juu ya klachi muda wote, kama mtu aliyepumzika kwenye kigoda, na pleti ya klachi ikaisha hadi chuma kikasaga chuma. Ndiyo maana aliliburuta mpaka gereji.

Fundi alianza na waya wa klachi, kama ipasavyo. Aliuchomoa, akauvuta huku na huku, ukateleza vizuri ndani ya ganda lake. Akautazama ulivyopita nyuma ya injini, haukupinda wala haukubanwa mahali. Jumatano akashusha giaboksi upya, kazi ya nusu siku inayoumiza mabega, na kutazama kila alichokifunga. Beringi ilikuwa na grisi yake. Uma unaoisukuma ulicheza kwa kidole kimoja. Pleti haikugeuzwa, mgongo uko ulipotakiwa kuwa. Akalinganisha presha pleti mpya na ile ya zamani, namba kwa namba, zikafanana kama kurwa na doto. Akarudisha kila kitu na kukanyaga. Ilikuwa vilevile.

Akamwita mchomeleaji wa kibanda cha jirani, mtu wa kilo mia na kumi ambaye hakuwahi kuombwa msaada bila kuongeza na ushauri. Mchomeleaji alivua miwani yake ya kazi, akaingia nusu mwili, akaweka miguu yote miwili juu ya pedali na kusimama. Pedali ikambeba. Alishuka akasema hiyo si klachi, ni nguzo ya umeme, na kama angekuwa yeye angelipaka gari rangi na kuliuza likiwa limesimama.

Alhamisi fundi alifanya jambo ambalo, alijiambia baadaye, angelifanya tangu Jumanne kama akili yake ingekuwa imetulia. Alichomoa waya kwenye pedali yenyewe na kuuacha unaning'inia. Pedali sasa haikufungwa na kitu chochote duniani. Ilipaswa ilegee na kuanguka sakafuni. Aliikanyaga, na ikakataa kama mwanzo. Hapo akajua kwamba ubovu haukuwa kwenye klachi. Akachukua tochi, akalala chali kichwa kikiwa chini ya usukani, akamulika.

Chini ya pedali palikuwa na mguu. Ulikuwa mguu wa kushoto, mtupu, umeishia juu kidogo ya kifundo, pale kivuli cha dashibodi kilipoanzia. Kisigino kilikita sakafuni na unyayo umeegemea mgongo wa pedali, ukiisukuma bila papara, kama mtu anayezuia mlango kwa mguu huku akiendelea na mazungumzo. Fundi anayeshinda chini ya magari huwajua watu kwa miguu yao. Wateja husimama kando ya gurudumu wakieleza shida zao, naye huko chini huona vidole, vifundo na nyufa za visigino. Kidole cha pili cha mguu huu kilipanda juu ya kidole gumba, na ukucha wa gumba ulikuwa mweusi tangu siku jeki ilipouangukia, hapahapa gereji, miaka saba iliyopita.

Fundi aliusogeza mwanga wa tochi pembeni ili usiuchome, ingawa mguu hauna macho.

"Pole, kaka," alisema.

Akauomba usogee kidogo. Haukusogea. Akabaki amelala pale, shingo ikimuuma, na moyo ukimuuma zaidi, kwa sababu hakuhitaji kuuliza mguu ule umekuja kufanya nini.

Siku gari lile liliponunuliwa, fundi ndiye aliyeitwa kulikagua. Alisikiliza injini, akalala chini, akasema ni zima. Waliolipa hawakuwa wawili. Alilipa Mama Mashuka peke yake, kwa noti zilizonyooka kwa sababu alikuwa na tabia ya kuzipiga pasi. Kadi ya gari iliandikwa jina la mumewe kwa kuwa yeye mke alikuwa na pasi nyingi siku ile na hakuwa na nafasi ya kwenda ofisini kupanga foleni. Marehemu mwenyewe, kila alipoleta gari kwa matengenezo, alikuwa akisema akiwa amesimama kando ya gurudumu, "Litengeneze vizuri, si langu. Mimi ni dereva wa mwenye mashuka." Aliyesikia maneno hayo alikuwa fundi, na fundi peke yake.

Baada ya mazishi familia ilikaa kikao. Meneja aliweka kadi mezani, akasoma jina la kaka yake kwa sauti, akasema mali ya kaka inarudi kwa mdogo. Mama Mashuka alisema gari ni lake, na kwamba fundi anajua. Fundi akaitwa, akaulizwa mbele ya watu kama kuna lolote analolijua. Wakati huo mabasi matano ya shule ya Meneja yalikuwa yakitengenezwa kwake, na mkono mtupu haulambwi. Alitazama mikono yake iliyojaa weusi wa oili.

"Mimi najua injini tu," alisema.

Kikao kikaisha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, kwamba huja nyuma kabisa. Ya fundi yalikuwa mtoto wa kumzaa, yalianza kulia usiku uleule na hayakuwahi kuachishwa ziwa.

Alhamisi hiyohiyo mchana Meneja alikuja gereji, akachuchumaa, akatazama chini ya dashibodi kwa mwanga wa simu yake.

"Huyo ni kaka," alisema. "Alikuwa mbishi tangu utoto. Unaweza kumtoa?"

Fundi alisema kujaribu si vibaya. Akapaka grisi pembeni mwa kisigino. Akaleta mtaimbo, akauegemeza, lakini hakuweka nguvu, na Meneja aliona kwamba hakuweka nguvu. Meneja akamgeukia mchomeleaji na kumuuliza kama gesi inaweza kusaidia. Mchomeleaji akajibu kwamba yeye huchoma mageti na madirisha, watu hachomi, hata wakiwa vipande. Wakakaa juu ya matairi wakifikiri. Mwishowe fundi ndiye aliyesema pengine aitwe Mama Mashuka, maana marehemu hakuwahi kumbishia mwingine zaidi ya huyo, na hakuwahi kumshinda.

Mama Mashuka alikuja Ijumaa akisukuma mkokoteni. Mkokoteni ndio uliobaki kuwa usafiri wake, na kwa sababu ya mkokoteni nyumba za wageni zilikuwa zikimwacha moja baada ya nyingine. Mvua ikinyesha mashuka yalifika yana matope, na jua likiwaka alichelewa. Kati ya nyumba saba zilimbakia mbili. Alisalimia kila mtu, Meneja pia. Akauliza shida ni nini, wakamweleza, akasema haya. Akavua viatu na kuviweka chini kando ya mlango, akaingia, akavuta kiti mbele. Alijifunza kuendesha ndani ya gari hili, Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa mpira, mumewe akiwa kando ameshika breki ya mkono kwa mikono miwili.

Alikanyaga kwa vidole viwili. Pedali ikashuka mpaka chini, taratibu, bila sauti, ikarudi. Akakanyaga tena, ikashuka tena. Akainama, akatazama kati ya magoti yake kwa muda. Walipoona mabega yake yanatikisika waligeuka wakatazama mikanda ya feni.

"Kumbe uko huku," alisema. "Mimi nakutafuta kule."

Fundi alirudisha waya. Mama Mashuka akawasha gari, akalizungusha uani mara mbili, akalirudisha nyuma kati ya basi na pipa la oili bila kugusa kimojawapo. Akashuka. Meneja akaingia, akakanyaga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, pedali ikamtazama tu. Akashuka akijipangusa suruali.

"Fundi," alisema, "wewe ndiye mtaalamu. Hebu tueleze. Huu ugonjwa ni wa nini?"

Mchomeleaji aliacha kazi yake. Mama Mashuka alikuwa akivaa viatu, akasimama na kiatu kimoja mkononi, akamtazama fundi. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesubiri gari kituoni, ambaye ameshasikia mlio wake kwa mbali. Nyuma yake mabasi matano yalikuwa yamepangwa kandokando ya ukuta, mawili yakiwa hayana matairi. Fundi alikuwa na sentensi nzima kinywani, fupi, ya maneno matatu. Aliihisi kwenye ulimi, ina ladha ya chuma.

"Klachi imemzoea," alisema.

Mama Mashuka akavaa kiatu cha pili.

Meneja alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mbaya kwa namna alivyojijua mwenyewe, alipenda mambo yapate ufumbuzi. Alisema basi ni rahisi, shemeji atakuwa dereva wake. Atampeleka kazini, atawapeleka watoto, na siku ambazo hakuna safari anaweza kupakia mashuka yake nyuma, mradi asiache harufu ya sabuni. Mchomeleaji alimnong'oneza Mama Mashuka kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Mama Mashuka alifikiria zile nyumba mbili zilizobaki, akafungua mlango wa nyuma, akatoa mafurushi kwenye mkokoteni na kuyapanga ndani ya gari, kubwa chini, dogo juu, kama zamani. Meneja akakaa kiti cha nyuma pamoja na mafurushi. Wakaondoka. Mkokoteni uliachwa gereji, na hakuna aliyekuja kuuchukua.

Ikawa hivyo. Kwa muda mitaani walisemasema, kisha wakapata mengine ya kusema. Watu wakazoea kuona gari la rangi ya maziwa linapita, mwanamke mbele, shemeji yake nyuma anasoma simu. Jambo likishakuwa na ratiba halimshangazi mtu. Nyumba za wageni zikarudi kuwa tatu, si zaidi, kwa kuwa siku zisizo na safari hazikuwa nyingi.

Miezi sita baadaye gari lililetwa kubadilishwa oili. Meneja alishuka kwenda kupiga simu chini ya kivuli cha geti. Mama Mashuka alibaki kwenye kiti cha dereva, amevua viatu, kama alivyozoea sasa. Alisema pedali ina mlio mdogo. Fundi akachukua grisi na tochi, akalala chali, akaingiza kichwa.

Mguu ulikuwa palepale. Ulikuwa umekonda kidogo. Juu ya pedali ulikuwepo mguu wa Mama Mashuka, una vumbi la mchana mzima, na kati ya miguu ile miwili palikuwa na unene wa chuma cha pedali tu.

"Bado yupo?" aliuliza kutoka juu.

"Yupo, shemeji."

"Mwambie apumzike. Mimi nimeshazoea."

Fundi alipaka grisi kwenye pini ya pedali mpaka mlio ukaisha, na bado akaendelea kupaka. Kisha, kwa kuwa giza la chini ya dashibodi lilimficha uso, na kwa kuwa Meneja alikuwa mbali getini, aliusogelea ule mguu wenye ukucha mweusi na kuunong'oneza yale maneno matatu, moja baada ya jingine.

"Gari ni lake."

Mguu haukusogea. Ulikuwa ukiyajua tangu zamani.

"Umesema nini, fundi?" Mama Mashuka aliuliza. Alikuwa ameinama, sauti yake iko karibu.

Fundi aliitazama grisi iliyokuwa kwenye vidole vyake. Kutoka getini ilisikika sauti ya Meneja akimaliza kuzungumza, ikifuatwa na viatu vyake vikirudi juu ya kokoto.

"Nimesema ukanyage, shemeji."

Akakanyaga. Ikashuka vizuri.