Bia Iliyogoma kwenye Ishirini

Fundi wa friji alikuwa amemwahidi mkewe kwamba bafu litakuwa wazi kabla ya wiki kwisha. Ndoo ya bia aliyoipika mwenyewe ilikaa humo kwa sababu ndicho chumba pekee chenye ubaridi, na kila aliyetaka kuoga aliiruka kama anayeruka mtaro.

Hesabu alikuwa ameipiga vizuri. Siku alipotia hamira, kile kipimo cha kioo kinachoelea kilisoma hamsini. Sukari ikiwa nyingi, kioo huelea juu. Hamira ikiila, kioo huzama. Na pakiti ilisema hamira ile hula robo tatu ya sukari. Basi bia ingeshuka mpaka kumi na mbili, ndipo aitie kwenye chupa.

Bia ikashuka mpaka ishirini, ikagoma hapo kama punda.

Akaitikisa ndoo. Ishirini. Akaifunika blanketi, akidhani hamira imeshikwa na baridi. Ishirini.

"Itie kwenye chupa tuoge," mkewe alisema mlangoni, taulo begani.

"Ikianza tena kuchacha ndani ya chupa, chupa zitapasuka. Unataka vioo jikoni?"

"Nataka bafu, baba watoto. Bia yako nimeichoka hata sijaionja."

Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu aumie nyonga, alisikia yote kutoka sebuleni.

"Mwanangu," aliita, "si kosa la hamira hilo, nadhani. Siku ile unapika, ulipotoka kupokea simu, niliona moto wako ni wa kubembeleza. Nikauongeza. Nafaka haziivi kwa moto ule."

Fundi alisimama na kipimo mkononi, kikidondosha matone. Kimea, yaani zile nafaka zilizooteshwa, kikilowekwa kwenye maji ya moto kupita kiasi hutoa sukari ngumu, isiyolika na hamira. Maneno yalimjaa kinywani, lakini mkwe ni mkwe. Akayameza, akaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi tayari.

Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Alichota bia kidogo kwenye gilasi, akakorogea hamira tele, akaiweka nyuma ya friji penye joto. Kama kulikuwa na sukari ya kulika, ingeliwa pale. Akangoja. Alipopima, ishirini.

Kumbe bia ilikuwa imekwisha kuiva zamani. Kutikisa kote kule, blanketi, kununiana na mkewe, vyote vilikuwa vya kungojea namba ambayo isingefika kamwe.

"Njoo unishikie mpira wa kumiminia," alimwambia mkewe. Wakajaza chupa wote wawili, na bafu likapata nafasi yake.

Hakuna chupa iliyopasuka. Bia ilitoka nzito, na utamu uliobaki kwenye ulimi mzima. Fundi alikunywa gilasi moja. Mkewe alikunywa mbili. Mama mkwe aliomba ya tatu.

"Hii ndiyo bia," alisema. "Zile zako za nyuma zilikuwa kali kama dawa. Tengeneza tena hii hii."

Fundi alitazama gilasi yake. Ilimuuma kukubali, lakini hata yeye alikuwa ameipenda.

"Sawa, mama. Sasa niambie, moto uliuongeza kiasi gani?"

Mama mkwe alimtazama kama mtu aliyeulizwa urefu wa upepo.

"Nilizungusha tu, mwanangu. Nani hupima moto?"