Ukurasa wa Sista Ephrasia

Haika alikuwa akiandika tasnifu juu ya askofu mmoja wa kale. Kabla ya uaskofu, mtu huyo alikuwa mtawa, akaishi miaka mingi na wakaapweke wa jangwa la Misri, kisha akaandika habari zao: waliofunga, waliosali, na walioanguka pia. Jumamosi na Jumapili Haika aliwahudumia masista wazee katika nyumba yao ughaibuni, mjini Inver Grove Heights. Mmoja wao, Sista Ephrasia, alikuwa Mchaga mwenzake. Alikuwa na miaka themanini na minne, na ugonjwa wa moyo haukumruhusu tena kutoka kitandani.

Januari moja, theluji ikiwa imeziba nusu ya dirisha, sista aliuliza Haika anasoma nini. Alipoelezwa, alitaka kujua kama kweli askofu yule aliwaandika hata walioanguka. Haika alipoitikia, sista akamwomba achukue kalamu.

Alisimulia, Haika akijaza ukurasa mmoja, kwamba akiwa mnovisi, mtawa mwanafunzi, huko Bukavu, aliangusha kikombe cha misa, kikapinda vibaya. Kwa hofu akakitumbukiza chooni. Mwenzake Perpétue, aliyeshika funguo za sakristia, chumba cha vyombo vya misa, akafukuzwa kama mwizi.

“Nilimsindikiza hadi getini, mwanangu,” alisema. “Nikamkumbatia. Sikusema neno.”

Juma lililofuata sista alifariki. Mkuu wa nyumba alimwomba Haika asome maisha ya marehemu siku ya mazishi, lakini alipouona ukurasa ule alimsihi auache, wafu wapumzike. Haika aliuacha. Alisoma habari za shule alizofundisha sista na wagonjwa aliowatunza. Waombolezaji kumi na mmoja waliinamisha vichwa kwa heshima, naye akashindwa kuwatazama usoni.

Hakupata usingizi mwema tangu siku hiyo. Baada ya mwezi mzima wa kuulizia, alimpata kwa simu mzee Janvier, kaka wa Perpétue. Perpétue mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Akiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya masista, Haika alimsomea mzee ukurasa wote.

Janvier aliusikiliza hadi mwisho.

“Mama yetu alikataa kumpokea,” alisema. “Alikufa akiamini amezaa mwizi. Sasa nimwambie nani?”

Haika alimwomba radhi kwa niaba ya marehemu. Mzee alijibu kwamba amesikia. Hakusema amesamehe. Aliaga kwa upole, akakata simu, na Haika akaingia ndani kuwaogesha wazee.