Bibi Arusi wa Faili ya Kwanza

…na hapo ndipo ilipoishia, Docteresse amekaa kituo cha basi na valizi ya nguo miguuni, nywele zake ndefu zimemfunika nusu ya uso, basi likaja, akapanda bila kugeuka nyuma, halafu skrini nyeusi na majina ya watu yanapanda juu mbio mbio, haki ya Mungu hamna hata kwaheri, na Kaswera mikono yake ilikuwa ndani ya nywele za Christa na haikuacha kusuka, vidole vilijua kazi yao, lakini macho hayakubanduka kwenye skrini ile nyeusi, maana wiki sita nzima saluni hii imeishi kwa hii série, épisode mbili kila mchana wakati groupe ya umeme inaunguruma nje, kila mtu na maoni yake, na yeye peke yake, bila kumwambia mtu, alikuwa ameweka nadhiri ya kipumbavu, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, kwamba Docteresse akimrudia Moustache, mpenzi wake, basi na mimi nitamwambia Éliakim aje, na asipomrudia… haya, hakumrudia, yamekwisha, "Mwisho njo ile tu?" Mama Kavugho alikuwa amesimama katikati ya saluni, yeye anayeuza maharagi ya Lubero hapo barabarani na ambaye tangu mwezi jana wateja wanamfuata huku ndani kumdai awapimie, "wiki sita banakula akili yangu, na mwisho ni valise? Aka! Hii hapana mwisho, huu ni wizi!" na Kanyere mshonaji, sindano mdomoni, akacheka, "Mi napenda, muke anajiendea, anamuacha bwana na moustache yake, ule njo mwisho wa kweli, Mama Kavugho, si kila siku ndoa, ndoa, ndoa," "Weye hauna bwana, unajua nini?" "Njo maana nalala muzuri!" na kicheko kikajaa saluni yote isipokuwa kwenye kiti, Christa hakucheka, Christa ametoka Beni jana na gari lake la kurudi linaondoka saa nane, na yeye si mteja tu, ni dada wa Éliakim, kaketi hapa asukwe lakini amekuja kuchukua jibu.

Asubuhi pale mlangoni alisema, "Bonjour, Mama Nzanzu," na chanuo likamwanguka Kaswera, kwa sababu hapa Butembo hakuna anayemwita hivyo, hapa yeye ni Kaswera wa saluni basi, hawajui kwamba aliwahi kuwa mama wa mtu kwa siku kumi na moja, na Christa akaliokota chanuo, akalipuliza, akaongeza polepole, "Yaya yangu Éliakim anaomba ruhusa tu, akuye dimanche, siku ya misa, mukaongee, kama unakubali atakuya na bajomba na mbuzi, vile inapasa, na kama unakataa atasema nini tena, hatarudia kuuliza," na Kaswera alijibu kaa kwanza, nikusuke, tutaongea, huku akijua kabisa kwamba leo ni épisode ya mwisho na kwamba anaenda kuiachia télé iamue, aibu gani hii, Bikira Maria, kumpa mwanamke wa kwenye skrini maisha yako ayabebe ndani ya valizi, na huyo mwanamke kapanda basi… kama mimi nilivyopanda, miaka mitatu sasa, machanuo kwenye sachet nyeusi ya plastiki, kutoka Beni mpaka hapa nimeegemea dirisha, na kila ndugu wa mbali aliyenipigia simu kuniuliza nilimjibu maneno yale yale, Éliakim hakukuja kumzika mwanawe, watu wakasema pole, wakasema mwanaume gani huyo, na mimi nikanyamaza, kwa sababu ni kweli, hakukuja, alikuwa Mangina kununua kakao, barabara ikafungwa kwa ajili ya mapigano, réseau ya simu ikakatika, na ni shemeji Maliro aliyebeba kisanduku kile kidogo, alikibeba mikononi, hakikuhitaji mtu wa pili, "Unanivuta, Mama Nzanzu," akasema Christa, "Pardon," akasema Kaswera, akalegeza.

"Tungojee saison ya pili," Mama Kavugho alikuwa haachi, "hawezi kutupa mwanaume vile, ule aliuza pikipiki yake juu ya kulipa hospitali!" "Hakuna saison ya pili, Ananie mwenyewe alisema yote iko ku clé USB, épisode sitini kamili," akajibu Kanyere, na Ananie ndiye anayewakopia watu filamu pale kwenye kibanda cha simu, mtu wa haraka, anakopi huku anakula, huku anaongea na watu wanne, na Kaswera akagawa nywele za Christa nyuma ya sikio la kushoto, mstari mmoja safi kwa ncha ya chanuo, ngozi ya kichwa ikatokea, na mkono ukasimama hapo. Sikio la kushoto. Mbona… ngoja. Nyuma ya sikio la kushoto pana nini? Moto. Hospitali iliungua, épisode ya thelathini na kitu, Docteresse alitolewa na Moustache akiwa amefunikwa blanketi, na toka siku ile nyuma ya sikio lake la kushoto hapaoti kitu, ndiyo sababu nywele anazilaza upande huo, nani mwingine angeona, wengine wanaangalia machozi, mimi naangalia kichwa, ni kazi yangu, na siku ya kwanza kabisa, siku walipochomeka clé, si ilikuwa arusi? Arusi ya watu wasiowajua, bibi arusi nywele fupi, bwana arusi amenyolewa uso mzima laini, wote walidhani ni wazazi wa mtu, hadithi ya zamani, watarudi kueleza baadaye, na Kaswera mwenyewe alipaza sauti, muone huyu bibi arusi, défrisant ya kunyoosha nywele imemuunguza nyuma ya sikio, saluni gani ilimufanya vile! na walicheka mpaka Mama Kavugho akamwaga maharagi.

Eh, Mungu wangu. Si défrisant. Ni Docteresse mwenyewe. Amekata nywele, hakufunika kovu tena, na yule aliyenyolewa ni Moustache, nani angemjua bila masharubu yake, na Ananie na haraka zake alitupa faili ya mwisho ndani ya clé kwanza, labda ajaribu kama inaingia, na télé nayo ikafungua iliyokuta mbele, kwa hiyo mwisho tuliuona siku ya kwanza, tukaucheka, tukapita, na wiki sita tunaungojea na tumekwisha kuuona! Kaswera akataka kucheka, kisha hakutaka tena, kwa sababu na mimi je, na mimi, kila mara nikisimulia naifunga hadithi kwenye kisanduku, mikononi mwa Maliro, skrini nyeusi, wakati kuna siku ya nne baada ya maziko, ipo, nimekataa tu kuiangalia. Siku ya nne mlango ulifunguka na Éliakim akasimama pale na matope mpaka magotini, alikuwa ametembea kutoka Mangina kwa miguu wakati magari yenyewe yaliogopa kupita, akavua viatu nje, mkononi ana kofia ndogo ya sufu, ya manjano, na akauliza kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayeogopa kuamsha, "Mutoto amelala?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa hajui. Na mimi niligeukia ukuta, nikamwachia mama yake amwambie, nikasikia magoti yake yakigonga sakafu na bado sikugeuka, na baada ya wiki nikapanda gari, na miaka mitatu nasema hakukuja, mwanaume aliyetembea namna ile… alikuja, Kaswera, alikuja amechelewa, alikuja. Machozi yakadondoka juu ya kichwa cha Christa, moja, mawili, akayapangusa kwa kidole gumba harakaharaka kama mafuta, na pale nyuma Kanyere bado anasema mwisho ni ule ule, muke amejiendea, na Mama Kavugho bado anaapa kwamba kesho atamburuta Ananie kwa sikio, na Kaswera akafikiri, nitawaambia, acha wabishane kwanza, nitawafungulia ile faili ya kwanza kesho na Mama Kavugho atazimia, lakini sasa hivi kuna mstari huu wa kumaliza, akagawa nywele mafungu matatu, akaanza kusuka tena.

"Christa," akasema, "usigeuze kichwa."

"Sigeuzi."

"Umwambie akuye dimanche. Akuye yeye peke yake, mbuzi na bajomba tutaona siku ingine." Vidole vilikuwa vinakwenda vizuri sasa, bila kuvuta. "Na ile kofia ya mutoto… kama angali nayo, akuye nayo."

"Angali nayo," akasema Christa, na hakugeuza kichwa.